Kuchagua Muongo wa Sinema Ukiwa Ufipa

Enter the Dragon, filamu ya Bruce Lee, ilianza kuonyeshwa Agosti 1973, mwezi mmoja baada ya mwenyewe kufariki. Mwaka huo mkoa wa Rukwa, ulimo Ufipa, ulikuwa haujaundwa. Uliundwa mwaka uliofuata. Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni, na haikupata hadi 1994. Mkazi wa Sumbawanga aliyemwona Bruce Lee kwa mara ya kwanza kwenye kibanda cha video, amebanwa kwenye benchi, deki ikiwa juu ya meza na jenereta ikinguruma nje, yaelekea alimwona miaka kumi na mitano au ishirini baada ya picha kutoka. Akiulizwa anapenda sinema za miaka gani, hujibu haraka: za tisini. Moyoni anamaanisha Bruce Lee.

Hakosei sana. Ila anachanganya mambo mawili ambayo mtu anayetaka kuchagua muongo wake wa sinema hana budi kuyatenganisha: mwaka picha ilipotengenezwa na mwaka ilipomfikia. Kwa watu wa Ufipa, uwanda wa juu ulio mbali na bandari ya Dar es Salaam na mbali zaidi na majumba makubwa ya sinema, pengo kati ya miaka hiyo miwili lilikuwa refu. Makala haya yanampa msomaji njia ya kuchagua, iwe kwa ajili ya kikundi cha kutazama filamu shuleni, kwa ubishi wa kijiweni, au kwa raha yake mwenyewe nyumbani. Mwishoni yanataja muongo unaofaa zaidi kuanzia kwa mtu wa Ufipa, na sababu zake.

Safu mbili kwenye daftari

Hatua ya kwanza ni kuchukua daftari na kuchora safu mbili. Ya kwanza ni ya mwaka filamu ilipotoka. Ya pili ni ya mwaka na mahali mtu alipoiona. Muongo unahesabiwa kwa safu ya kwanza: filamu zote zilizotoka kuanzia 1950 hadi 1959 ni za miaka ya 1950, hata kama mtu alizikuta kwenye flashi ya rafiki mwaka jana. Safu ya pili itumike kumkumbusha mtazamaji kwamba huenda anachokipenda ni ujana wake, na sinema ilikuwepo tu pembeni.

Safu hiyo ya pili ina mambo mengi kuliko inavyodhaniwa. Zanzibar ilikuwa na jumba la Royal tangu 1921, lililofunguliwa na mfanyabiashara Hassanali Jariwala. Dar es Salaam ilikuwa na Avalon, Empire na Empress, kisha ikapata sinema ya wazi ya kuingia na gari mwaka 1966. Tanga ilikuwa na Majestic, Arusha ilikuwa na Metropole. Watu wa miji hiyo waliziona picha za Bombay na Hollywood zikiwa bado mpya. Vijijini sinema ilifika kwa gari: Land Rover ya idara ya habari, projekta, jenereta, na kitambaa cheupe kilichotundikwa kwenye uwanja wa shule au wa mpira. Zilianza filamu za kilimo na afya, halafu kikaja kichekesho, halafu watu wakarudi nyumbani gizani. Baadaye, soko lilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, deki na mikanda ya video ikaanza kuenea, na baada yake sidii zenye filamu sita au nane za steringi mmoja.

Kwa hiyo miaka ya sitini ya mzee wa Mji Mkongwe na miaka ya sitini ya mzee wa Namanyere ni vitu viwili tofauti, japo walizaliwa mwaka mmoja. Kijana anayejaza daftari lake na awaulize wazazi na babu zake wajaze safu ya pili kwanza. Atapata historia ya nyumbani kwake kabla hajatazama filamu hata moja.

Wataalamu nao hubadilika

Wengi hukimbilia orodha za filamu bora duniani. Zipo nyingi, na iliyo maarufu kuliko zote ni ya jarida la Uingereza, Sight and Sound, ambalo tangu 1952 huwauliza wahakiki maoni yao kila baada ya miaka kumi. Mwaka 1952 waliitaja Bicycle Thieves ya Italia, iliyotoka 1948. Kuanzia 1962 hadi 2002 Citizen Kane ya 1941 ikakaa kileleni bila kutikiswa. Mwaka 2012 ikapokonywa na Vertigo ya 1958, na mwaka 2022 Vertigo nayo ikaipisha Jeanne Dielman, filamu ya mwanamke wa Ubelgiji, Chantal Akerman, ya mwaka 1975.

Tazama hapo: miaka ya 1940, kisha 1950, kisha 1970. Filamu zenyewe hazikubadilika. Waliobadilika ni waulizwaji na mambo waliyoyajali. Katika orodha hizo filamu za Afrika ni za kuhesabu kwa vidole. Orodha ni msaada mzuri wa kupata majina ya kutafuta, lakini anayeinakili tu atakuwa amechagua muongo wa mtu mwingine.

Picha tatu kwa kila muongo

Njia inayopendekezwa hapa ni nyepesi. Kuanzia miaka ya 1920 hadi ya 1990 kuna miongo minane. Kwa kila muongo zichaguliwe picha tatu: moja iliyopendwa duniani kote, moja iliyotengenezwa nje ya Marekani, na moja inayogusa Afrika Mashariki kwa namna yoyote. Jumla ni picha 24. Kikundi kinachotazama moja kila Jumamosi kitamaliza katika miezi sita hivi. Zitazamwe kwa mpangilio wa miaka, ili mtazamaji aone sauti ikiingia, rangi ikiingia, na Mwafrika akihama kutoka kubeba mizigo nyuma ya msafara hadi kushika kamera.

Kabla ya kuanza, kikundi kitenge jioni moja kwa filamu fupi za mwanzoni kabisa mwa karne: A Trip to the Moon ya Mfaransa Georges Méliès (1902) na The Great Train Robbery (1903). Kila moja ina urefu wa kama robo saa, kwa hiyo hazimalizi bando, na hakimiliki zake zilishakwisha.

Kutoka ukimya hadi vita

Miaka ya 1920 ni ya Charlie Chaplin, na hapa mtazamaji wa Sumbawanga ana nafuu kubwa: hakuna lugha ya kumsumbua. The Kid (1921) na The Gold Rush (1925) zinaweza kutazamwa na bibi asiyejua Kiingereza pamoja na mjukuu wa darasa la pili, na wote wakacheka mahali pamoja. Mwaka 1927 The Jazz Singer ikaleta sauti, na mwaka 1931 India ikatoa Alam Ara, filamu yake ya kwanza yenye mazungumzo na nyimbo. Picha za Kihindi zilizokuja kutawala majumba ya sinema ya pwani zilifuata njia hiyo ya nyimbo.

Katika miaka ya 1930 kuna jambo la nyumbani lisilojulikana na wengi. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza L. A. Notcutt na G. C. Latham waliendesha mradi wa kutengeneza filamu kwa ajili ya watazamaji Waafrika. Walitoa filamu 35 kuhusu kodi, akiba ya posta, minyoo, chai na mengineyo, wakaziwekea maelezo kwenye sahani za santuri ili lugha iweze kubadilishwa kila gari lilipovuka kwenda kwa watu wengine. Nyingi ya filamu hizo zimepotea. Zilizosalia zinatazamwa zaidi na watafiti, na anayezipata ataona jinsi mkoloni alivyomdhania mtazamaji wake kuwa mtoto. Hollywood nayo mwaka 1939 ilitoa Stanley and Livingstone, Spencer Tracy akiwa Stanley. Livingstone wa kweli, baada ya kukutana na Stanley Ujiji mwaka 1871 na kuagana naye Unyanyembe mwaka uliofuata, alipita Ufipa akielekea kusini katika safari yake ya mwisho. Mwalimu wa historia anaweza kuitumia filamu hiyo kuuliza swali moja tu: watu waliowapokea wageni hao wamepewa maneno mangapi ya kusema?

Miaka ya 1940 inatoa Casablanca (1942) kwa wanaopenda mapenzi, na Bicycle Thieves kwa wanaopenda maisha yalivyo: baba aliyeibiwa baiskeli ya kazi, akizunguka mji mzima na mwanawe kuitafuta. Popote ambapo baiskeli ni mtaji, hadithi hiyo haihitaji mkalimani. Ya tatu iwe Men of Two Worlds (1946), filamu ya Kiingereza inayosimuliwa kuwa imetokea Tanganyika, na sehemu ya picha zake zilipigwa huko. Kisenga, mpiga kinanda aliyesoma Uingereza, anarudi kwao kusaidia kuhamisha watu kwa sababu ya malale, na adui yake ni mganga wa kienyeji. Jina la filamu hiyo liwekewe alama daftarini, kwa sababu litahitajika tena tukifika miaka ya 1980.

Muongo wa 1950, kwa kituo

Hapa inafaa kukaa zaidi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika ilishirikiana na kampuni ya Afrika Kusini kutengeneza filamu za hadithi kwa Kiswahili. Mojawapo ilikuwa Muhogo Mchungu, na mwigizaji wake mkuu alikuwa kijana mfanyakazi wa serikali aitwaye Rashidi Mfaume Kawawa. Mwaka 1962 kijana huyo akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Nchi chache duniani zinaweza kusema Waziri Mkuu wao aliwahi kuwa steringi wa sinema kabla ya kuingia kwenye siasa, na Watanzania wengi waliomjua kama Simba wa Vita hawajui habari hiyo.

Kisha kuna picha ambayo mtu wa Kasanga anaweza kuidai kama ya kwake. The African Queen ya John Huston ilitoka mwishoni mwa 1951, Humphrey Bogart akapata Oscar kwa kumwigiza nahodha mlevi anayeamua, pamoja na dada wa mmisionari, kuzamisha meli ya Wajerumani ziwani. Meli hiyo ya hadithi ilitokana na meli ya kweli. Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma, ikashushwa majini 1915. Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wanarudi nyuma, waliizamisha wenyewe ili isichukuliwe. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na tangu 1927 ikaitwa Liemba. Ndiyo MV Liemba iliyosafiri miongo mingi kati ya Kigoma na Mpulungu ikitia nanga Kasanga, mji ambao Wajerumani waliuita Bismarckburg na wakajenga boma lao hapo.

Filamu yenyewe haikupigwa Tanganyika. Mto unaoonekana uko Kongo na Uganda, na sehemu nyingine ni studio ya Uingereza. Tena mwisho wake unatofautiana na historia, maana kwenye filamu meli inazamishwa na mashujaa. Jambo hilo lisimkatishe mtu tamaa. Kikundi kinaweza kutazama picha jioni, na kesho yake mtu aliyewahi kupanda Liemba na mzigo wa dagaa akaeleza meli ya kweli ilivyo ndani. Ni filamu ngapi za Hollywood ambazo watazamaji wake wamewahi kulala kwenye sitaha ya mhusika mkuu?

Upande wa India, muongo huo ulitoa Awaara (1951) ya Raj Kapoor, picha iliyojaza kumbi za pwani na ambayo nyimbo zake ziliimbwa na watu wasiojua neno moja la Kihindi. Mwaka 1957 ikatoka Mother India, Nargis akiwa mama mkulima anayelea watoto huku mkopeshaji wa kijiji akila mavuno yao mwaka hadi mwaka kwa deni lisiloisha. Mkulima wa Laela au Matai aliyewahi kuuza mahindi yakiwa bado shambani ili alipe ada ya shule ataielewa kabla tafsiri haijaanza. Japani ikatoa Seven Samurai (1954) ya Akira Kurosawa: wanakijiji wanajua majambazi watarudi baada ya mavuno, wanakwenda kutafuta wapiganaji wa kuwalinda, na malipo waliyo nayo ni wali tu. Ina urefu wa zaidi ya saa tatu, kwa hiyo igawanywe jioni mbili. Bengal ikatoa Pather Panchali (1955) ya Satyajit Ray, kuhusu umaskini wa familia moja kijijini, bila ngumi na bila jambazi.

Mwaka 1959 Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael wakatoa filamu ya hali halisi kuhusu Serengeti, iliyopata Oscar mwaka uliofuata. Michael alikuwa amekufa Januari 1959 kwa ajali ya ndege yao huko huko mbugani. Kwa mtazamaji wa leo filamu hiyo inazua mjadala mkali kuhusu wanyama na wafugaji, mjadala ambao Tanzania haijaumaliza.

Uhuru, kutaifisha, na kibanda umiza

Miaka ya 1960 ilianza na Hatari! (1962), John Wayne akikamata wanyama kwa lasso katika nyika za Arusha. Mandhari yake ni mazuri na Waafrika wake ni wasindikizaji. Ukiiweka kando ya Mandabi (1968) ya Msenegali Ousmane Sembène, utaona muongo uligeuka kiasi gani. Mandabi, inayozungumzwa kwa Kiwolofu, inamfuata mzee aliyetumiwa hawala ya fedha kutoka Paris lakini hawezi kuichukua kwa kukosa kitambulisho. Kila ofisi inamtuma ofisi nyingine, na majirani tayari wamekuja kukopa. Aliyewahi kufuatilia mafao ya marehemu kwenye ofisi yoyote ya Afrika atacheka kwa uchungu.

Miaka ya 1970 ndiyo mshindani mkuu wa ile ya 1950. Kuna Bruce Lee na The Big Boss (1971), wafanyakazi wa kiwanda cha barafu dhidi ya tajiri mwovu. Kuna Sholay (1975), ambayo iliazima wazo la Seven Samurai la kukodi wapiganaji wa kulinda kijiji, ikaongeza nyimbo, urafiki na jambazi Gabbar Singh. Nyumbani, Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoanzishwa 1968, ilikabidhiwa uagizaji na usambazaji wa filamu, na sheria ya 1971 ya kutaifisha majengo iligusa pia kumbi za sinema. Katikati ya muongo kampuni hiyo ikatengeneza Fimbo ya Mnyonge, filamu ya kunadi Ujamaa, wakati ambapo Operesheni Vijiji ilikuwa inahamisha watu nchi nzima, Ufipa ikiwemo. Wazee waliohamishwa wapo. Kuitazama filamu hiyo pamoja nao, kisha kuwaacha waseme, kutawafundisha vijana mengi kuliko filamu yenyewe.

Miaka ya 1980 kwa wengi ni Rambo, Commando na Mithun Chakraborty wa Disco Dancer (1982), na hakuna ubaya. Lakini kwenye zile picha tatu nafasi moja iwe ya Arusi ya Mariamu (1985), filamu fupi ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, iliyotengenezwa Tanzania na kupata tuzo katika tamasha la FESPACO kule Ouagadougou. Mwanamke mgonjwa anayeogopa waganga anapelekwa kwa mganga, na filamu inamtazama mganga huyo kwa heshima. Hapo ndipo Men of Two Worlds inaporudi. Zikitazamwa usiku mmoja, ya 1946 inamfanya mganga kuwa adui wa maendeleo, ya 1985 inamfanya kuwa mtu wa elimu yake. Wakazi wa Sumbawanga, waliozoea kutaniwa nchi nzima kuhusu uchawi kila wanapotaja wanakotoka, wana haki ya kuwa waamuzi wa kwanza wa filamu hizo mbili. Ng'ambo ya ziwa, Zaire ilitoa La Vie est belle (1987), Papa Wemba akiwa mwanamuziki wa kijijini anayekwenda kubahatisha Kinshasa. Inafaa sana siku ambayo watu wamechoka na mijadala.

Miaka ya 1990 ilileta televisheni Bara na ikaanza kuzifunga kumbi za zamani. Flora M'mbugu-Schelling alitoa These Hands (1992), kuhusu wanawake wakimbizi kutoka Msumbiji wanaoponda kokoto Kunduchi, karibu bila maneno. Zimbabwe ikatoa Neria (1993), mjane anayenyang'anywa mali na shemeji yake, filamu ambayo bado inaweza kuzua ugomvi mezani kwenye ukoo wowote wenye shamba la kugawana. Titanic ikaja Desemba 1997, mwaka mmoja na nusu baada ya MV Bukoba kuzama Ziwa Victoria, na Watanzania wengi waliitazama wakiwa na msiba wao wenyewe kichwani.

Mambo ya vitendo

Kwa Ufipa, msimu mzuri ni kuanzia Juni hadi Agosti. Mavuno yameingia ndani, mvua hazipo za kuharibu njia, na baridi ya Sumbawanga inawafanya watu wapende kukaa pamoja ndani. Onyesho lianze mapema, saa moja jioni, ili wanaotoka mbali wasirudi usiku wa manane. Filamu ipakuliwe na ijaribiwe siku moja kabla. Anayetegemea mtandao wakati watu wameshakaa atawapoteza dakika ya kumi.

Kikundi kitakachoonyesha hadharani, hasa kwa kiingilio, kimwone Afisa Utamaduni wa halmashauri kwanza aeleze vibali vinavyotakiwa, na kijue kwamba filamu nyingi za kuanzia miaka ya 1930 bado zina wenyewe. Mwenye kibanda umiza, yaani kibanda cha video, anaweza kuwa mshirika mzuri: ana skrini, ana mabenchi, na siku isiyo na mpira kibanda chake kiko tupu.

Tafsiri isipuuzwe. Watanzania wana utamaduni wao wa mtu kusimulia filamu kwa Kiswahili huku inaendelea. Sauti ya msimulizi Lufufu ilizifikisha picha za Hong Kong na Hollywood hadi vijijini. Kikundi kichague msimulizi mmoja aliyeitazama filamu mapema, aseme machache, na palipo na wazee wengi aongeze Kifipa. Msimulizi asieleze mwisho kabla haujafika.

Namna ya kupima

Baada ya kila filamu, kila mtu ajibu maswali manne kwenye daftari lake bila kuangalia la jirani. Je, hadithi ilisimama yenyewe au ilihitaji kutetewa? Nani alipewa maneno, na nani alipita tu kwa nyuma kwenye picha? Kuna sehemu gani ningependa kuiona tena kesho? Kuna jambo lolote ninalolijua zaidi kuhusu hapa nyumbani baada ya kuitazama? Kila jibu lipewe alama 1 hadi 5. Mwishoni alama za filamu tatu za kila muongo zijumlishwe.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni kudhani kwamba zamani kila kitu kilikuwa kizuri. Kila muongo ulitoa takataka nyingi. Zilizotufikia ni zile zilizochujwa na muda na wauzaji wa mikanda. Wa pili ni kuuchukia muongo mzima kwa sababu ya ukoloni wake. Filamu inayomdharau Mwafrika inaweza kupata alama moja kwenye swali la pili na nne kwenye swali la nne, na alama zote mbili zikawa za haki.

Na watu wakitofautiana, watofautiane kwa mifano. Anayesema miaka ya 1980 ni bora ataje picha tatu na aeleze. Asiyeweza kutaja tatu bado anapenda ujana wake, na arudi kwenye safu ya pili ya daftari.

Uamuzi

Kwa mtu wa Ufipa anayetaka muongo mmoja wa kuanzia, makala haya yanauchagua wa 1950. Unayo filamu ya Kiswahili yenye kiongozi wa taifa ndani yake, hadithi iliyotokana na meli inayojulikana Kasanga, mkulima wa Mother India na wanakijiji wa Kurosawa wanaohofia mavuno yao. Hakuna muongo mwingine unaokaribia shamba na ziwa kiasi hicho. Wa 1970 unashika nafasi ya pili kwa nguvu ya Sholay na Bruce Lee, na wanaojali zaidi Mwafrika kusimulia habari zake mwenyewe, kuanzia Mandabi hadi Arusi ya Mariamu, watakuwa na hoja nzito ya kuupinga uamuzi huu.

Upingwe. Lakini kabla ya ubishi, mwenye mzazi, babu au bibi aliyewahi kuona sinema ya gari kwenye uwanja wa shule, iwe Mazwi, Namanyere, Matai au Mtowisa, amwendee mwezi huu na simu ya kurekodi, amuulize ilikuwa mwaka gani, picha gani, na watu walisema nini wakirudi nyumbani. Waliokuwa watoto wakati filamu za Kawawa zinatoka sasa wamevuka miaka 75.